Mavyaa alinitilia kamba ili nizoee

KWA SOMO

Assalamu alaykum Somo, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nina miaka 26, nimeolewa Lamu, mtaa wa Mkomani, na huu ni mwaka wa nne. Tunakaa nyumba moja na mavyaa wangu. Yeye yuko chini, sisi ghorofani, na jiko ni moja. Mume wangu ni nahodha wa boti, siku nyingi hayupo.

Somo, mimi nimekulia kamba wa baharini. Marehemu baba alikuwa akiletewa kutoka Ngomeni na kazi ya kuwamenya ilikuwa yangu. Niliwala wa nazi, wa kukaanga, wa pilau, wala sikuwahi hata kujikuna. Yalinianza baada ya kumzaa mwanangu, ambaye sasa ana miaka miwili. Siku hiyo tulikula pilau ya kamba kwa wifi yangu. Chakula hakijaisha, viganja vikaanza kuniwasha, mdomo wa juu ukavimba, mabaka yakanitoka kuanzia shingoni hadi tumboni. Nikapewa Piriton, nikalala, asubuhi nikaamka mzima. Mara ya pili ilikuwa kaa, kijipande tu, na yakawa yale yale. Tokea hapo nikaacha vyote viwili.

Basi ndipo maneno yalipoanza. Mavyaa akasema naringia mapishi yake. Akasema mtu hawezi kula kitu miaka ishirini na zaidi kisha kimdhuru, hiyo ni deko. Kila akipika kamba huniambia, "Onja kidogo kidogo, mwili utazoea." Mimi hupanda juu kwa sababu hata ule mvuke wa sufuria hunikohoza, naye huona namkimbia. Wifi mmoja anasema ni kijicho, mwingine anasema ni jini wa bahari. Nimesomewa, nimefukizwa, na moshi nao ukanikohoza.

Ramadhani iliyopita, kwenye futari, mavyaa alinipa sambusa akaniambia ni za samaki. Nilikula moja na nusu. Hazikupita dakika kumi, koo likawa kama linakazwa kwa uzi, nikatapika, kifua kikaanza kupiga miluzi. Mashemeji wakaniinua nisimame wanipeleke hospitali, nikaona giza, nikaanguka. Walinibeba juu ya kiti vichochoroni. Nakumbuka sindano ya paja, na kwamba kabla muuguzi hajamaliza kufunga dripu, pumzi ilikuwa imeanza kurudi. Walinilaza mpaka kesho yake.

Siku ya tatu mavyaa alikuja mwenyewe chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia bila kuniangalia kwamba alisaga kamba mmoja akamchanganya na samaki. "Nilitaka nione kwa mato yangu." Mume wangu anasema mama hakukusudia, tuyaache. Mama yangu Malindi anasema nifunge mizigo.

Huu ni ugonjwa gani, Somo? Una dawa? Mwanangu naye atakuwa hivi? Na nitaishije na mtu ambaye naogopa chakula cha mkono wake?

Kuna na jambo dogo. Mwezi uliopita mume wangu alikula jodari kwenye shughuli, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio. Wenzake watano waliokula sinia moja naye wakawa hivyo hivyo. Mavyaa anasema nimemwambukiza.

Mke wa Mkomani

—

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimevaa sare ya uuguzi miaka thelathini kabla ya kukaa hapa kujibu barua, kwa hiyo leo utanisamehe, nitaanza na mwili wako kabla ya ndoa yako. Ulicho nacho ni mzio, au aleji kama wengi wanavyosema. Na kilichokupata kwenye futari si mzio wa kujikuna. Kinaitwa anafilaksia, yaani mzio uliovamia mwili mzima kwa pamoja: ngozi, tumbo, mapafu na mishipa ya damu. Watu hufa nao. Wewe ulikuwa karibu kufa, na nalisema neno hili wazi kwa sababu naona kwenye barua yako hakuna hata mmoja aliyelitamka, pamoja na wewe mwenyewe.

Sasa, mavyaa wako ana hoja moja ya haki na lazima tumjibu. Vipi mtu ale kitu tangu utotoni kisha kigeuke adui? Jibu ni kwamba ndivyo mzio unavyokuja. Mwili haumkatai kamba kabla haujamjua. Kwanza humla, humla tena, na siku moja, kwa sababu ambazo hazionekani kwa macho, kinga ya mwili humhesabu kuwa hatari na kuanza kutengeneza kingamwili maalumu kwa ajili yake, aina iitwayo IgE. Kingamwili hizo huenda kukaa juu ya seli zilizojaa kemikali ya histamini, na seli hizo ziko chini ya ngozi, kooni, tumboni, mapafuni. Hapo wewe bado huhisi chochote. Ni malema, ile mitego ya samaki, yamekwisha kuzamishwa, yanangoja tu. Siku kamba akipita, seli hizo zinafunguka zote kwa mara moja na histamini inamwagika. Mzio wa kamba na kaa, tofauti na ule wa maziwa au mayai unaowapata zaidi watoto wachanga, mara nyingi huanza ukubwani. Kwa hiyo ule utoto wako wa kumenya kamba wa Ngomeni hauwi ushahidi kwamba unasema uongo.

Kinachokudhuru ni protini ya misuli ya mnyama huyu, inaitwa tropomayosini. Ina tabia mbili mbaya. Moto hauivunji, kwa hiyo wa kuchemsha, wa kukaanga na wa kukausha wote ni mmoja, na chembe zake hupanda na mvuke wa sufuria. Ndiyo maana unakohoa ukiwa hata hujaonja. Halafu inafanana sana kutoka kiumbe hadi kiumbe. Aliye na mzio wa kamba ajihesabu ana mzio wa kaa na kamba mawe pia, na wale uduvi wakavu ambao baadhi ya wapishi huwatupia kwenye mchuzi kuupa ladha bila kumwambia mtu. Pweza, ngisi na chaza wako ukoo wa mbali kidogo. Wengine huwavumilia, wengine hapana, na wewe usijaribu nyumbani. Samaki wa magamba ana protini nyingine kabisa. Kama changu na tafi unakula na huoni kitu, endelea kula kwa raha zako.

Nitakuchekesha kidogo: mende naye ana tropomayosini hiyo hiyo, na utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana wanaoishi kwenye magodoro. Ukiwa mtu wa kupiga chafya alfajiri, pengine ndio hao. Lakini ile miluzi ya kifuani si ya kuchekea. Nenda ukapimwe pumu hata kama unajiona mzima, kwa sababu pumu isiyotibiwa mara nyingi ndiyo inayoufanya mzio wa chakula uue.

Aya inayofuata naomba umsomee mavyaa wako, au umpe asome mwenyewe.

Bi Mkubwa, shikamoo. Wazo lako kwamba mwili utazoea kidogo kidogo si la kijinga. Mfaransa mmoja msomi, Charles Richet, alikuwa nalo pia. Yeye na mwenziwe Paul Portier walichukua sumu ya viumbe wa baharini walio jamaa ya yavuyavu, wakawa wanawadunga mbwa kidogo kidogo, wakitumaini miili yao itazoea na kupata kinga. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, alidungwa akavumilia, akacheza na kula kama kawaida. Baada ya wiki kadhaa wakamdunga tena kipimo ambacho hakikupaswa hata kumlaza. Akaanza kuhema, akaanguka, akatapika damu, na haikufika nusu saa akafa mbele yao. Hiyo ilikuwa mwaka 1902. Richet akaona kwamba alichopata ni kinyume cha kinga aliyoitafuta, na jina anafilaksia likatungwa kwa maana hiyo hiyo, kinyume cha kukinga. Mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Ulichokifanya kwenye sambusa, Bi Mkubwa, ni jaribio lile lile, ila aliyelala chini ni mama wa mjukuu wako. Siku hizi wapo madaktari bingwa wanaowazoesha watoto vyakula kama karanga kwa chembe zinazopimwa kwenye mizani, mtoto akiwa mbele yao na sindano iko tayari mezani. Jikoni hakuna mizani hiyo. Kamba mmoja aliyesagwa, kwa mkweo, ni mwingi mno.

Narudi kwako, mwanangu.

Dawa ya kuung'oa mzio wa kamba hatuna kwa sasa, na kwa mtu mzima mara nyingi hauondoki wenyewe. Iliyopo ni kujikinga, na sindano ya adrenalini siku kujikinga kunaposhindikana. Piriton inatuliza muwasho. Haifungui koo, haipandishi presha iliyoporomoka, na huchukua muda mrefu kuanza kazi kuliko ulio nao. Nimeona ndugu wanaopoteza muda wa thamani wakitafuta Piriton, wakikamua ndimu, wakimnywesha mtu maziwa, huku koo linafunga. Mtu ambaye pumzi inambana asinyweshwe kitu.

Ile sindano ya paja uliyoikumbuka ndiyo hiyo. Zipo kalamu za adrenalini ambazo mtu hujidunga mwenyewe, ila kwetu hazipatikani ovyo na bei yake ni nzito. Kichupa cha kawaida cha hospitali, chenye miligramu 1 ndani ya mililita 1, hakina mambo makubwa. Nenda hospitali kuu ya kaunti pale mjini, omba kuonana na daktari, mweleze mambo matatu yaliyokupata kwa mfuatano, umuulize kama anaweza kukuandikia vichupa na mabomba ya sindano ukae navyo nyumbani, na awafundishe kuvuta na kudunga. Kwa mtu mzima kipimo huwa nusu ya kichupa hicho, upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo kama hakuna nafasi. Lakini mikono ifundishwe na daktari, si na barua yangu. Dakika tano zikipita hujapata nafuu, hudungwa tena. Vichupa visiwekwe dirishani kwenye jua la Lamu wala kwenye friza. Kabati lenye giza, upande wa nyumba usiopigwa na jua, panafaa. Maji yake yakigeuka rangi, tupa.

Hapo niliposoma kwamba mashemeji walikuinua usimame, niliweka barua chini kwanza. Mishipa ya damu inapolegea, damu hushuka miguuni, na mtu akisimamishwa moyo unabaki bila kitu cha kusukuma. Ndilo giza uliloliona. Mwenye anafilaksia hulazwa chali, miguu imeinuliwa juu ya mto. Kama pumzi inambana sana, aketi amenyoosha miguu. Akizimia au akitapika, alazwe ubavu. Asitembezwe hata hatua tatu kwenda mlangoni. Najua vichochoro vya Mkomani, machela haipindi kona zote, ila shuka lililoshikwa na watu wanne linapinda, na hata kile kitanda cha kamba cha barazani kinabebeka (kamba hiyo ya kusukia haina neno na wewe). Na sindano inadungwa nyumbani kabla ya safari, haingojwi hospitali. Baada yake bado uende, hata ukijihisi mzima kabisa, kwa sababu hali hii inaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila ya kula kitu kingine. Ndiyo maana walikulaza.

Kusomewa sikukatazi. Mmoja asome, mwingine akimbie kutafuta boti au watu wa kubeba. Kufukizwa acha, mapafu yako hayataki moshi.

Sasa jiko. Wewe utaangalia kamba aliye kwenye sahani, lakini yule wa hatari zaidi ni yule usiyemwona. Mafuta yaliyokaangiwa kamba yakikaangiwa viazi karai, viazi hivyo si vyako tena. Ukila forodhani muulize muuzaji karai hilo lilipikiwa nini tangu jioni, na akijibu kwa kusitasita, nunua mahindi ya kuchoma. Kinu, kisu, ubao wa kukatia, vioshwe kwa sabuni. Na sinia! Sisi tunakula mkono mmoja na wenzetu, na huo ndio utamu wake, lakini wa kando yako akichovya mchuzi wa kamba kisha akarudisha mkono kwenye wali, amekupelekea kamba mpaka upande wako. Kwenye shughuli na siku za Maulidi, mji umejaa wageni na masinia yanapita, wewe chukua sahani yako na upakuliwe kwanza kabla ya watu wote. Usione haya. Waambie ni amri ya daktari, maana watu wa Pwani wataibishia kauli ya mkwe lakini hawabishi ya daktari.

Sitaki useme nyumba nzima iache kamba. Hiyo Lamu itakushinda, na chuki utakayoipata haina dawa. Wapike siku umetoka, milango iwe wazi, na sufuria ya kamba iwe moja, itiwe alama ya utepe mpinini.

Kuhusu mavyaa, nitakuambia ninavyomwona, na unaweza kukataa. Alikosea kosa kubwa, la kukaribia kumwaga roho ya mtu, na alikigeuza chakula cha futari kuwa mtego. Lakini angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Alikuja mwenyewe, akaketi kitandani, akakiri. Wazee wangapi unaowajua wangefanya hivyo kwa mke wa mwana? Mimi nadhani tangu usiku ule yeye anaogopa kuliko wewe. Na kuna hesabu nyingine: mume wako yuko majini siku nyingi. Mzio ukikushika saa mbili usiku, mtu aliye karibu nawe, ngazi moja tu chini, ni yeye. Kwa hiyo anayepaswa kufundishwa ile sindano kwanza ni mavyaa. Nenda naye kwa daktari. Akae kwenye kiti, daktari amwambie yeye, amshikishe bomba, ajaribu kwenye ndimu au chungwa kama tulivyojifunza sisi wauguzi. Kisha kichupa kikae kwake chini, kingine kwako juu.

Mume wako ndiye niliye na maneno naye. "Hakukusudia, tuyaache" ni kauli ya mtu anayetaka kula kwa amani pande zote mbili. Amwambie mama yake, kwa adabu na wewe ukiwepo, kwamba jaribio kama lile lisirudiwe na yeyote ndani ya nyumba hiyo, wala wifi wala mpishi wa kukodiwa. Akiweza kusema maneno hayo, baki Mkomani. Akishindwa, nenda Malindi kwa mama, wiki mbili, na mtoto wako, bila ugomvi, umngoje huko mpaka ayapate. Kufunga mizigo moja kwa moja sikushauri, maana kosa hili lina toba iliyokwisha anza.

Mtoto: watoto wa wenye mzio huwa na uwezekano zaidi wa kupata mzio wa namna fulani, ila si lazima uwe wa kamba, na si lazima wapate. Usimwekee marufuku kwa hofu tu. Kama hajawahi kula, au alikula na ukaona mabaka, mtaje kwa daktari siku hiyo hiyo utakayokwenda na mavyaa. Akila, alishwe na mwingine na anawishwe mikono na mdomo kabla hajaja kukubusu.

Na jodari wa mume wako. Mzio hauambukizi, hata kwa mke na mume. Angalia tu hesabu uliyoiandika mwenyewe: watu sita, sinia moja, siku moja. Mzio haupigi sinia zima. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza nyama yao na kuzalisha histamini ndani ya samaki, ile ile ambayo mwili wako unaimwaga wenyewe. Anayemla anakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, na kumpika sana hakuiondoi, kwa kuwa ilikwisha zalishwa kabla ya moto. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku, na dawa za aina ya Piriton hapo ndipo mahali pake, isipokuwa pumzi ikibana. Samaki wa hivi mara nyingine huonjeka kama ana pilipili hali hakutiwa. Muulize mume wako kama jodari yule alikuwa akiuma ulimi, na muulize pia alinunuliwa saa ngapi na shughuli ililiwa saa ngapi.

Somo